Mkoba wa Mama Mureithi

Chechelesi, Isiolo
14 Februari

Kwa dada yangu Sahro,

Assalamu aleikum. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Abdinajib, na uwabusu watoto. Kile kifua chako kimepona? Na baridi ya Marsabit imepunguza ukali? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Mgongo wa Mama umepata nafuu na joto la Isiolo ni lile lile. Barua hii nimempa Huqa, anayesafiri kuja huko, akukabidhi mkononi, kwa sababu kwa simu nisingeweza kusema.

Najua umesikia habari za mlimani. Mama aliniambia ulilia kwa furaha ulipoiona ile picha nimembeba Mama Mureithi, na kwamba umewaonyesha majirani wote.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wa kile kikundi chetu cha kupanda milima. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukapitia Chogoria, na saa tatu asubuhi tukaanza kutembea. Kiongozi wetu, Mutea, alinipanga nitembee nyuma na Mama Mureithi, yule fundi wa nguo wa Bulla Pesa, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri na magoti yanamsumbua. Alinionya mbele ya wote kwamba wa mwisho ni mimi, nyuma yangu asibaki mtu. Nikaubeba mkoba wa yule mama ili apande bila mzigo.

Ziwa Ellis tulilifikia sote. Upepo ulikuwa unakata masikio. Tulikula chapati, tukapiga picha, kisha tukaanza kupanda kwenda Ziwa Alice, ambalo liko juu zaidi. Katikati ya njia goti la Mama Mureithi likakataa, akaketi kwenye jiwe. Ukungu ukashuka, tukapoteana. Baadaye nikamkuta kando ya kijito, amelowa, mkono umevunjika, meno yanagongana. Nikambeba mpaka kwenye gari.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Mumewe, Mzee Muiruri, alituletea mbuzi hapa nyumbani, akamshika Mama mkono, akamwambia kweli amelea. Mama alilia. Yule mbuzi tulimchinja, dada, na mimi nilikula.

Hatukupoteana. Nilimwacha.

Aliniambia, “Mwanangu, ukungu unakuja, turudi.” Lakini nilikuwa nawasikia wenzangu huko juu wakishangilia, wameshaliona ziwa. Nikamwambia dakika kumi tu, asiondoke hapo kwenye jiwe, nikakimbia. Nilikaa huko karibu saa nzima. Nilipiga picha, nikatia miguu majini nikicheka na wenzangu. Mkoba wake ulikuwa bado mgongoni mwangu, na ndani yake mlikuwa na koti lake na filimbi ya kuitia msaada. Baridi ilipomzidi akajaribu kushuka peke yake, akaanguka. Mutea aliponiuliza huko ziwani yule mama yuko wapi, nilijibu kwamba ameamua mwenyewe kurudi Ellis, na amenisihi niendelee.

Mama Mureithi hakunisema kwa mtu yeyote. Juzi nilienda kumwomba radhi. Alisema alijua nitakuja. Alikuwa amenyamaza kwa ajili ya Mama yetu, aliyekaa naye hospitalini akimlisha uji kwa kijiko. Lakini akaniambia nisitafute msamaha mafichoni; nikamwambie mumewe kwa mdomo wangu.

Nikaenda dukani kwake. Mzee Muiruri alinisikiliza mpaka mwisho bila kupaza sauti. Kisha akauliza kama mke wake aliniita nilipokuwa naondoka. Nikasema aliniita mara tatu. Akauliza kama nilisikia. Nikasema nilisikia zote tatu. Alinigeuzia mgongo, akaanza kufunga duka, na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Leo baada ya chakula namwambia Mama. Wewe nimetaka uyasome kwa mwandiko wangu kabla hujayasikia midomoni mwa watu. Tafadhali, ile picha usimwonyeshe mtu tena.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukiweza kunijibu nitashukuru, usipoweza, sitakulaumu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kukutazama,
Guleid