Dirisha la Paani

Jumatatu, 3 Machi
Tajiri kanipa lori jingine. Si jipya, ila kabini ina dirisha paani! Kioo — unakisukuma, mbingu hiyo hapo. Nikamuuliza la nini. Akasema limekuja nalo, nisimchoshe. Mchana jua likanichoma kipara mpaka nikavaa taulo. Upuuzi mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Mama watoto kaja yadi kuliona. Tangu akwame kwenye lifti ya hospitali alikokuwa akifanya usafi, hapandi kabini. Kifua kinambana, anasema. Miaka yote mimi njiani, yeye nyumbani. Leo kasukuma kile kioo, kasimama juu ya kiti, kichwa nje. Akasema hapa anapumua. Kisha akasema kesho tunakwenda wote. Nikadhani utani.

Jumatano, 5 Machi
Haukuwa utani! Kaja na mto, chupa ya chai na maneno. Anasoma kila kibao kwa sauti. Ananiambia nipunguze mwendo, utadhani nimeanza kuendesha jana. Vumbi likaingia kwa juu, tukawa kama watu wa kinu cha unga. Akacheka mpaka machozi. Nimempenda upya, basi. Nani atasoma?

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Tone shingoni, puu! Nikachunguza: kwenye kona za fremu ya kioo kuna vitundu vinne. Aha, kumbe maji yanapitia huku! Nimeviziba vyote kwa silikoni. Kazi safi. Fundi ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi gani! Imenyesha tangu alfajiri. Nimekanyaga breki getini kwa mteja — maji yote pwaa, kichwani, mapajani, kwenye karatasi za mzigo. Wino umekuwa uji. Mteja kakataa kupokea. Tajiri kafoka mpaka simu ikapata joto: Jumamosi analeta mchomeleaji, pale juu panapigwa bati, mjadala umefungwa.

Nimemwambia mama watoto. Kasema haya. Haya tu! Halafu akasema basi atakuja kuchukua mto wake. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi
Kaja kuchukua mto. Akapitisha kidole kwenye kona, akauliza nani kaziba hivi vitundu. Mimi, nikasema, kwa kujisifu kabisa. Akauliza, sasa maji yatokee wapi?

Nikainama kuangalia. Vitundu ni vya kutoa maji! Kila kimoja kina mpira wake unaoshuka mpaka chini ya gari. Mipira ilikuwa imejaa tope, ndiyo maana lile tone. Nami nikaenda kumalizia. Mwenye macho haambiwi tazama — mimi nimeambiwa. Tumezibua kwa spoki ya baiskeli, yeye anashika tochi, ananisimanga. Raha iliyoje.

Nimempigia tajiri. Hataki kusikia. Na mawingu nayo yametoweka, hata mvua ya kumwonyesha hakuna.

Jumamosi, 15 Machi
Naandikia juu ya tairi la akiba. Mchomeleaji yuko hapa, bati analo. Tajiri kasema hana imani na maneno, anataka kuona. Mama watoto akajibu, basi mwageni maji, mimi nitakaa ndani. Nikamvuta pembeni: kioo kitafungwa, madirisha pia, umesahau kifua? Akasema hajasahau. Akapanda.

Nimemwaga ndoo tatu. Maji yametoka chini ya gari, nimeyaona. Tajiri kasema tusubiri, maji yana ujanja, hupenya polepole.

Mama watoto anakodoa macho mbele. Kiganja kimebandikwa kwenye kioo cha mlango. Hafungui. Mwanamke yule! Na kiti chake kikavu, hata doa kitambaani hakuna.

Tajiri kachungulia. Anauliza mbona uso umelowa, si nilisema linavuja?

Ni jasho, tajiri! Jasho!

Kamwita mchomeleaji aje naye atazame. Wanabishana. Mama watoto bado hajafungua mlango. Acha wabishane — naingia nikae naye.