Kisima cha Newala

Jumanne, Guangzhou

Siwezi kutulia. Leo nilikuwa namtafsiria Mama Neema, mfanyabiashara wa Masasi, kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, akanigombeza mbele ya muuzaji. "Wewe dada, nimesema jinzi mia mbili, unamwambia elfu mbili! Akili yako iko wapi?"

Akili yangu ilikuwa kwetu Newala, kwenye riwaya ninayoandika. Nimeshaandika sura tisa za binti anayekulia katika nyumba ambayo majirani wanaapa kwamba husikia mtoto akilia kwenye kisima chake. Humo nimeandika kwamba mama ndiye aliyesahau kufunika kisima, na mdogo wa huyo binti akatumbukia.

Si kweli. Ni mimi niliyesahau, na aliyekufa ni mdogo wangu, Daudi. Sijawahi kumwambia mtu.

Jioni nikampigia mama. Nikamweleza yote, hata ya riwaya, kwa mkupuo, nikiogopa kwamba nikinyamaza kidogo sitaendelea.

"Nilijua," akasema. "Nilikukuta umesimama pale na ndoo."

Mtaa mzima ulimlaumu yeye, miaka yote hii!

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilishampoteza mmoja."

Nilidhani nikishasema nitapata ahueni. Badala yake nazunguka tu chumbani hapa bwenini, namwona mama alivyokuwa akipita sokoni watu wakinong'ona, na mimi nimeshika mkono wake...

Kabla ya kukata simu aliuliza huyo mtoto aliyetumbukia kwenye riwaya nimempa jina gani. Petro, nikasema.

"Mwite Daudi."

Nimeliandika jina hilo mara moja tu, nikasimama, nikaenda dirishani. Sasa nimerudi kukaa, niendelee kuandika.