Niliyanyoosha Macho ya Nahodha Kotekote

Shangazi Mkweli wa gazeti letu,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mitaa hii hakuna kinyozi anayepata mteja bila mkono wangu, maana vichwa vyote kwenye vibao vya vinyozi nimevichora mimi, na kimoja kilikuwa hai kiasi kwamba bwana mmoja alikisalimia, akasubiri kijibu, akaondoka amenuna. Mtu kama mimi haombi ushauri, huombwa, lakini safari hii nimedhulumiwa na nyumba nzima imenigeuka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya brashi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anamlilia Nahodha Kotekote, yule shujaa wa sinema ambaye watoto wote wanamwimba sasa hivi, yaani zile sanamu zake ndogo za plastiki za bei chee zinazoning'inia madukani. Dada akasema, "Kaka, mpeleke wewe, unajua kuchagua." Najua, ndiyo! Sanamu ya bei chee hainunuliwi kwa kutazama tu kama nyanya. Kwanza unainusa, ikinuka mafuta ya taa ujue plastiki ni ya ovyo. Unaigonga kwa ukucha usikie kama ni tupu ndani. Unapitisha kidole ubavuni, pale vipande viwili vilipoungana, mshono ukikwaruza basi huko kiwandani walikuwa na haraka zao. Unazungusha bega, unaisimamisha bila kuishika, halafu unalowesha kidole gumba kwa mate unasugua rangi, ikibaki kidoleni, rudisha ilikotoka. Hayo sikufundishwa na mtu, shule niliiacha mapema kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Basi tukaingia duka la yule tunayemwita Bwana Hairudi, kwa ajili ya kibao chake cha "Mali ikiuzwa hairudi", ambacho nacho ni kazi yangu. Nikamkagua Nahodha mbele ya wateja. Harufu hamna, mshono laini, anasimama, rangi haitoki, bega moja tu limelegea. Namgeuza uso, Shangazi, jicho moja linatazama mlangoni, jingine linatazama rafu! Makengeza! Nikapaza sauti duka zima lisikie, "Hee! Wanadhani sisi hatuoni? Nani amnunulie mtoto kitu chenye uso kama huu? Huu si uso, hii ni kasoro!"

Mpwa wangu akanivuta shati. "Mjomba, ndivyo alivyo."

"Nyamaza, mtoto hajui ubora."

Bwana Hairudi akakunja mikono. "Mzee, kwani sinema yenyewe umeiona?"

"Nimeiona na huyuhuyu mpwa wangu, viti vya mbele!"

"Basi uliiona kwa kisogo."

Watu wakaangua kicheko, hata mama mmoja ambaye kibao cha saluni yake nilimchorea kwa bei ya undugu!

Nikamnunua kwa hasira. Nyumbani nikachukua tina ya kuyeyushia rangi na brashi yangu nyembamba kuliko zote, ile ya kuchorea kope, nikayafuta yale macho, nikayachora upya yakanyooka kama ya askari kwenye gwaride. Kazi safi. Nikamkabidhi mtoto. Akamtazama, akamlaza kifudifudi mezani, akaingia chumbani. Tangu hapo hanisemeshi, na shuleni walipopigwa picha ya darasa alijifunika uso kwa kiganja. Mama yake kila nikipita ananiambia, "Kaka, fikiria ulichosema," na mimi nimefikiria nikaona nilisema kweli tupu. Ni kweli mtoto mwenyewe ana makengeza kidogo tangu azaliwe, lakini hilo haliingii kabisa kwenye habari hii ya ubora wa bidhaa.

Niambie, nimshtaki Bwana Hairudi kwa mkuu wa soko, au kwanza dada aniombe radhi? Na hili usilichape: sinema ile sikuiona. Taa zilipozimwa tu nikalala, mpaka mpwa wangu akanitikisa kwa sababu nilikuwa nakoroma kuliko mizinga ya vita.

Mjomba Mkono wa Dhahabu

*

Mjomba, nimelichapa.

"Haliingii kabisa"? Ndilo jambo lenyewe! Sinema hiyo mimi niliwapeleka wajukuu wangu, na sikulala. Wewe bila shaka ulidhani anaitwa Kotekote kwa kuwa anasafiri sana. Anaitwa hivyo kwa sababu ya macho yake! Jicho moja linaona huku, jingine kule, hakuna adui wa kumnyemelea. Mabaharia wake wanamcheka mwanzoni, na mwishoni ni macho hayohayo yanayowaokoa.

Mpwa wako alikaa gizani, wewe ukikoroma pembeni yake, akamwona shujaa mwenye uso kama wake. Kisha mjomba wake akasimama dukani akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba uso huo ni kasoro. Hukutosheka, ukaenda nyumbani ukaufuta. Halafu unauliza nani akuombe radhi! Ningekuwa dada yako ningekumwagia hiyo tina. Nyani haoni kundule.

Pole lakini, kwa sababu mtu anayenusa plastiki na kukaza macho kwenye mshono kwa ajili ya mtoto anampenda mtoto huyo. Kukagua unajua, nakubali, na hiyo ya mate nitaitumia. Ila ulikagua kila kitu mle dukani isipokuwa aliyekuvuta shati.

Sasa fanya hivi. Bwana Hairudi mwache, alikuuzia mali nzuri. Bega likaze mwenyewe. Chukua tina na ile brashi ya kope, mketishe mpwa wako mbele yako, na usianze na "sikukusudia". Mwambie, "Nilikosea, na sinema sikuiona, nililala." Hilo la kulala analijua, anangoja tu ulitamke. Kisha mtazame usoni vizuri, bila haraka, uyachore macho ya Nahodha kwa kuyafuata ya kwake.

Rangi ikikauka, msiishie nyumbani. Ulitukana kwa kelele, usitubu kwa kunong'ona. Rudini dukani pamoja, wateja wakiwa wamejaa, umnyanyue Nahodha juu ya kichwa chako, na kwa sauti ileile useme: "Macho haya ni sawasawa kabisa. Huyu harudi!"