Unga wa Safari

Kitangari, Jumanne jioni

Kuku wa Bibi ni mnafiki. Kila siku anadonoa unga mpaka ndani ya ungo, lakini leo alfajiri, saa niliyomhitaji, kaupita kama hauoni.

Natakiwa kuripoti Masasi Ijumaa, jeshini. Kwa hiyo jana Bibi alimwaga unga wa mtama nyuma ya nyumba, ukasimama kama kichuguu kidogo. Ukikutwa mzima asubuhi, safari ni njema. Ukibomoka, mtu haendi. Nilisali ubomoke, mimi niliyebatizwa.

Alfajiri nikaukuta umesimama vizuri kuliko mimi. Nikanyanyua mguu niubomoe.

"Mjukuu wangu." Bibi alikuwa nyuma yangu, ufagio mkononi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, mguu bado hewani.

"Marahaba. Unaogopa kufa?"

Nikamwambia kufa naogopa kiasi. Kinachoninyima usingizi ni kuua. Vita iko ng'ambo ya Ruvuma, na huko wanaongea Chimakonde kama sisi. Nikimlenga mtu, halafu akamwita mama yake kwa lugha yangu, sijui kama...

Nilidhani atanikemea. Akafagia kidogo, akiuzunguka ule unga bila kuugusa.

"Mimi niliuuliza unga kama utafika salama," akasema. "Hilo la kuua sikuuliza. Unga haulijui."

Kisha akanituma maji.

Niliporudi na ndoo nikamkuta kuku anaula ule unga kwa raha zake. Sikumfukuza. Jibu la Bibi lilishatoka, na swali langu la kuua hakuna wa kulimwagia unga.