Sindano ya Jogoo

Jumanne, 2 Mei

Mimi Eustaquio, Takyo kwa watu, Noy Takyo kwa wanaoniheshimu, miaka sitini na nne. Nimedumu kuliko tufani tatu kubwa, kuliko nyoka aliyeniuma kwenye miwa (aliyekufa ni nyoka!), kuliko kiwanda cha sukari, kuliko kaka zangu wawili walioapa watanizika na gauni. Wametangulia wao. Nimewazika mimi, na suruali yangu, na shati limepigwa pasi.

Shule niliishia darasa la tatu. Mwandiko wangu kama kuku kaparura mchanga. Lakini leo naandika, maana nikisema kwa mdomo nitalia, na mimi silii.

Daktari kanikatia sindano.

Yote yametoka Jumapili. Uwanja wa majogoo umejaa hadi juu ya ukuta. Mimi ndiye mfunga visu, yule anayemfunga jogoo kisu mguuni kabla ya pambano. Miaka thelathini nafunga. Kisiwa hiki hakuna mfungaji wa kunifikia, na anayesema yupo amlete. Basi nimemkumbatia jogoo wa Delfin, mfugaji anayenipa kazi, uzi nimeuuma menoni — mara mkono wa kulia ukafa. Ukafa tu! Kama mkono wa mtu mwingine. Mdomo ukaenda upande. Kitambo kidogo, kisha vyote vikarudi. Nikamalizia kufunga, nikamrudisha jogoo kwa mwenyewe. Kisu kikalegea jogoo akiwa hewani. Kwisha.

Watu wakazomea. Noy Takyo kazeeka! Kama hawezi kufunga kisu, afunge mdomo!

Leo kliniki ya mjini, kwa Daktari Villarmea, binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Ndiye anayenipa homoni ya kiume tangu nina miaka sitini na mmoja. Kapima damu. Nzito mno, kasema, kama maji ya miwa yanayokaribia kuwa sukari guru. Homoni ndiyo inayoizidisha, na tumbaku yangu inachochea kuni. Kile cha Jumapili kilikuwa kiharusi kidogo, kimekuja kupiga hodi. Wamenitoa damu mfuko mzima. Vidonge kila asubuhi. Tumbaku basi. Na miezi mitatu bila sindano.

Kasema, Noy, hii si adhabu, nataka uishi.

Nikamwambia, binti yangu, miaka sitini na mmoja nilisubiri, mitatu ndiyo nimeishi. Sasa unanirudisha mwisho wa foleni.

Jumatano, 3 Mei

Leo ilikuwa zamu ya sindano. Kila Jumatano ya pili Siyang, mwenzangu wa ndani, hukipasha kichupa cha homoni kwapani mwake mpaka mafuta yalainike, mimi nalala kifudifudi, yeye anachoma huku ananisengenyea wateja wake wa samaki wakavu. Sehemu ninayoipenda kuliko Krismasi.

Leo kaenda sokoni. Nimekaa.

Nilibatizwa Eustaquia. Cheti kinasema hivyo mpaka leo, serikali haibadilishi. Lakini humu ndani Eustaquia hajawahi kulala hata siku moja. Siyang anajua, tumeishi pamoja miaka thelathini na mmoja. Watu wa hapa waliniita Noy, kama mwanamume, hata kabla ya ndevu, kwa ajili ya heshima ya kisu. Wengine waliniita Nang, kama mwanamke, kwa makusudi, wakitafuta ugomvi. Waliupata!

Ndevu zilipoota, ugomvi ukaisha wenyewe.

Daktari anasema sauti hairudi nyuma, ndevu hazianguki. Kajuaje? Yeye hana ndevu.

Jumatano, 10 Mei

Joto. Linaanzia kifuani, linapanda masikioni, jasho chapachapa! Kisha baridi. Mara nane leo. Usingizi hakuna. Bila tumbaku mikono haijui pa kukaa.

Delfin kaja. Hakuingia, kasimama nje anamsugua jogoo wake shingo. Kasema, Noy, mapambano ya sikukuu ya kijiji nimempa kisu mtu wa ng'ambo ya mto, wewe pumzika kwanza. Kwa upole kasema. Heri angenitukana.

Nikamwambia, huyo wa ng'ambo ya mto hafungi kisu, anafunga kifurushi cha sokoni. Kacheka. Lakini hakubadili.

Alhamisi, 18 Mei

Nimelia. Bila sababu! Siyang kachinja kuku, kaweka papai bichi na majani ya mlonge, kanisogezea bakuli, nikatazama ule mvuke — machozi. Mimi niliyemshika kaka yangu mkubwa akikata roho, jicho langu kavu.

Nikamwambia Siyang, umeona, yule mwanamke anarudi.

Kaweka kijiko chini. Kasema, baba yangu alikuwa akilia kila redio ikitangaza bei ya sukari imeshuka. Akilia kwa sauti, na masharubu yake yale. Naye alikuwa mwanamke?

Nikasema, si sawa.

Kasema, si sawa nini, kula, kinapoa.

Nimekula. Lakini nimejitazama kwenye kioo cha kunyolea. Shavu laini. Mkono umelegea. Nimenyoa Jumatatu, leo Alhamisi na bado kidevu hakijakwaruza! Zamani siku mbili tu kilikuwa msasa. Siyang nimemwambia apitishe kiganja. Kapitisha. Kasema kinakwaruza. Anasema uongo vibaya huyu mwanamke. Hajui kabisa.

Siku kumi na sita tu zimepita. Miezi mitatu ni siku tisini na ngapi? Nimejaribu kuhesabu nikaacha.

Alhamisi, 25 Mei

Siwezi tena. Niandike nilichofanya kisha nikiache hapa hapa.

Kwa Delfin, banda la nyuma, pana rafu. Vitamini, dawa ya minyoo, na kichupa chenye picha ya jogoo mwekundu kifua mbele. Ile ya kuwapa ukali wiki chache kabla ya pambano. Mimi mwenyewe nimewachoma majogoo mia tatu kwa mkono huu. Dawa ni ile ile ya kiume! Ya daktari haina picha, hii ina picha, basi.

Delfin alikuwa mtoni anaosha majogoo. Nilikitia mfukoni.

Nimejichoma mwenyewe pajani, chooni, mlango nimeufunga kwa kamba. Hakuna wa kukipasha kwapani. Kilikuwa baridi, mafuta yamekataa, nikasukuma kwa kidole gumba mpaka meno yakauma. Kiasi gani? Jogoo ana kilo mbili. Mimi hamsini na tano. Nilikadiria. Nimekadiria mambo makubwa zaidi maishani.

Siyang kauliza mbona umekaa chooni kama unataga.

Jumatatu, 29 Mei

Nani mzee? Leo nimepasua kuni peke yangu, rundo zima! Nimepanda juu ya paa nikagongelea bati. Jirani kasimama mdomo wazi. Nilijua. Madaktari wanasoma vitabu, mimi nimesoma majogoo.

Nimeongeza nyingine kidogo. Paja lile lile.

Nimevuta moja tu. Moja.

Jumapili, 4 Juni

Paja limevimba. Jekundu, la moto, kitu kigumu ndani kama kokwa. Nachechemea. Nimemwambia Siyang nimejigonga kwenye pipa.

Uwanjani sikwenda. Kelele zinafika mpaka hapa. Kila wakipiga ukelele najua kisu kimeingia. Mtu wa ng'ambo ya mto ameshinda mapambano manane, nasikia. Manane!

Kichwa kinagonga. Uso mwekundu, kasema Siyang, kama umepakwa pilipili.

Ijumaa, 9 Juni

Homa. Siyang anataka twende kliniki, tusingoje miezi mitatu iishe. Nimekataa. Nikienda watapima damu, wataona. Watajua nimekiuka. Daktari ataniandika mtu asiyesikia, na mtu asiyesikia hapewi sindano tena. Si miezi mitatu. Milele! Hilo ndilo linaloninyima pumzi, si paja.

Bora paja lioze. Nitakaa kimya.

Jumapili, 11 Juni

Kajua.

Alikuwa anafua. Suruali ya kazi, mfuko wa nyuma. Katoka na kichupa kwenye kiganja, mapovu ya sabuni mpaka kwenye kiwiko, kasimama mbele yangu. Halafu:

"Takyo. Wewe ni jogoo wa nani?"

Nikasema ni dawa ya Delfin, nilikuwa namshikia.

"Nimekuuliza wewe ni jogoo wa nani! Nani kakuwekea dau? Niambie, nimjue nitakayemletea maiti!"

Nikasema, usipige kelele, majirani.

"Majirani wasikie! Nimelala na wewe miaka ishirini na minane bila hizo ndevu, mpumbavu wewe, na ulikuwa unakoroma vile vile!"

Nikamwambia, wewe huelewi. Wewe ukiamka unakuta mwili wako uko pale ulipouacha jana. Wangu naukuta umesogea.

Kakaa chini, kwenye mlango, na nguo mbichi mapajani. Baadaye kasema kwa sauti ndogo, sielewi, ni kweli. Lakini kama hutamwambia daktari, nitamwambia mimi.

Nimemwapisha asiseme. Hajaapa.

Jumanne, 13 Juni

Mkono wa kushoto ndio unaandika. Wa kulia umekufa tangu asubuhi. Mara hii haujarudi.

Hospitali ya mkoa. Benchi la korido.

Nilikuwa nakunywa kahawa. Kikombe kikaanguka, nikasikia nasema maneno, Siyang anasema hayo si maneno. Delfin kaja na pikipiki yenye kitoroli, kanibeba mikononi kama jogoo. Hakucheka.

Nesi wa mapokezi kasoma cheti. Kaniangalia. Kasoma tena. Kasema, Nang Eustaquia, wodi ya wanawake, kitanda cha tisa.

Nikasema — ulimi mzito — Noy.

Kasema, Nang, hapa tunafuata karatasi.

Siyang kamwambia, binti, huna macho? Mtu ana masharubu kumshinda mumeo! Nesi kasema hana mume. Siyang kasema, si ajabu.

Kuna milango miwili mwisho wa korido. Wa kushoto wanawake, wa kulia wanaume. Wa kulia hawanitaki. Wa kushoto siingii. Nimelishika benchi kwa mkono mmoja uliobaki. Wamejaribu kuninyanyua, nimekuwa mzito. Nimewaambia nife hapa hapa, mnipitishe mlango wowote mtakao, sitakuwepo.

Daktari wa zamu kachuchumaa mbele yangu. Mwanamume, kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Kauliza, babu, nataka kukupa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda sasa hivi, dakika zinakwenda. Lakini nijue kwanza, umetumia nini? Chochote. Ukinificha inaweza kukuua.

Siyang kanitazama. Kafungua mdomo.

Nimemwahi. Nimesema mimi. Neno moja moja, kama kung'oa misumari. Jogoo. Sindano. Ya jogoo. Mbili. Paja.

Nilingoja acheke. Kauliza picha ya kwenye kichupa ilikuwa ya jogoo au ya farasi. Nikasema jogoo. Kaandika. Kasema, na homoni zako za kawaida nani anakupa? Nikamtaja Villarmea. Kasema anampigia simu.

Nimeuliza — nitapewa tena?

Kasema sijui, babu. Kwanza ubaki.

Hakusema hapana. Nimemtazama mdomo. Hakusema hapana.

Sasa kaenda kugombana na nesi. Nawaona. Kanyoosha kidole huku, nesi kanyoosha kidole kwenye karatasi. Kuna mtu wa tatu kaitwa, mnene, ana funguo.

Jicho la kulia linafifia. Herufi zinapanda moja juu ya mwenzake.

Nikiishia hapa na mtu akasema Takyo alikuwa muongo, akamuulize Delfin, atahesabu vichupa vyake. Akamuulize daktari wa zamu, kaandika kwa kalamu. Akamuulize Consorcia, Siyang wangu, ndiye shahidi wa yote. Anajua kila kitu, isipokuwa jinsi ninavyoogopa. Na hilo sasa analisoma, maana ndiye amenishikia daftari.

Kiti cha magurudumu kinakuja. Yule mnene ndiye anayekisukuma. Hajasema mlango gani