Vyungu vya Bibi Mwanaidi

Kwamndolwa, Jumanne, 1974

Mikono bado inauma kwa usukani mzito. Bibi Mwanaidi, mfinyanzi, anahamishiwa kijiji cha ujamaa kwa pikapu ninayoendesha, na jana matairi yaliyojaa upepo yaliturusha hadi vyungu vyake viwili vikapasuka.

Leo nilipunguza upepo. Pikapu ikawa kama inaelea juu ya mashimo, ila kwenye kona iliyumba, nikaogopa tutaangukia mtaroni.

"Mjukuu wangu, tumesimama?" akauliza kutoka nyuma, sauti ya usingizi.

"Tunakwenda, bibi."

Tulifika kijijini, vyungu vilivyobaki vyote vizima. Akachota udongo wa pale, akaufinya kwa muda mrefu.

"Huu haushikani. Nirudishe nikachukue wa kwetu."

Mwenyekiti wa kijiji hataki mtu arudi alikotoka. Nami nimeshamwambia bibi tutakwenda Alhamisi.