Matoazi ya Clem

Netherton, Dudley
Jumapili

Kaka yangu mpendwa Russell,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Wendy na watoto wote huko Perth. Natumai kikohozi cha wifi kimeisha na joto lenu limepungua. Mimi ni mzima, ila goti bado linanisumbua. Baba anakula vizuri na kila asubuhi anatembea mpaka mferejini na kurudi. Kwa mwili hana neno. Ninayekuandikia habari zake ni Baba wa moyoni, na uniwie radhi kwamba barua hii haina furaha.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Baba hataki hata kuitaja albamu, wakati magazeti yote yanaisifu. Sikuweza kukujibu, maana alikuwa ameketi hapo hapo akinitazama.

Kampuni ilipoamua kuitoa upya "Zamu ya Usiku", tena katika sanduku la kifahari lenye santuri nzito na picha za zamani, ilimwomba Baba asimamie usafishaji wa sauti. Katika bendi yao ya zamani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Clem mpiga ngoma, na Clem alikuwa amelazwa, mapafu yamekwisha kazi. Unakumbuka mzee Clem alivyolalamika maisha yake yote kwamba kwenye ile albamu matoazi yake yamefukiwa chini ya gitaa la Baba. Kila Krismasi ilikuwa lazima tulisikie hilo, mpaka Anti Mavis amwambie mumewe anyamaze, ale bata mzinga wake. Safari hii Clem hakutania. Alimshika Baba mkono pale kitandani akamwambia, "Vern, nitolee matoazi yangu huko chini." Baba akaapa kwamba atayatoa. Wiki ile ile Clem akafa.

Basi nikawa namwendesha Baba kwenda studio, Birmingham. Fundi wa sauti ni binti mmoja mpole anaitwa Tamsin. Kanda zenyewe ilibidi kwanza azioke kwenye oveni ndogo kwa moto hafifu, kwa kuwa zilishaanza kunata kwa uzee, na Baba akamwuliza kama angependa aletewe na chipsi za kula nazo. Siku hiyo tulicheka. Kicheko chetu kiliishia hapo.

Shida ilianza walipofika kwenye matoazi. Tamsin akiyapandisha, Baba anasema bado. Akipandisha tena, bado. Mimi niliyekaa kwenye kochi la nyuma meno yalikuwa yakiniuma. Ilikuwa kama mtu anamwaga visu na uma kwenye sinki pembeni ya sikio langu. Baba alifumba macho, akawa anauliza, "Clem yuko wapi, bibie? Mbona simsikii?" Tamsin alisema kwa adabu kwamba huenda sauti imekuwa kali kidogo. Baba akamjibu kwamba yeye alikuwamo chumbani Clem alipokuwa anapiga, wakati huo mama yake Tamsin bado ananyonya. Unawajua watu wetu. Hakuna aliyethubutu kusema zaidi. Tukasema inapendeza sana, tukanywa chai.

Nadhani umeshaelewa, Kaka. Miaka yote ile ya kusimama mbele ya spika ndefu kama kabati imemmaliza masikio. Maneno anayasikia, besi anaisikia, lakini sauti za juu kabisa hazimfikii tena. Mluzi wa birika hausikii. Anadhani ndege wamehama bustani yetu. Nilipogusia habari ya kwenda kupimwa, alinifokea kwamba siku masikio yake yatakapokufa nimzike nayo, kwa kuwa hatakuwa na shughuli nyingine hapa duniani. Nikafunga mdomo, na naogopa kuufungua mpaka leo.

Sanduku likafika nyumbani. Baba akaweka santuri, akasikiliza upande mzima, kisha akanigeukia uso umempauka. Alisema wamembadilishia. Alisema matoazi hayapo kabisa, wamemfukia Clem tena. Akampigia Tamsin simu akamwita mwongo na mwizi, na binti wa watu akayameza yote. Hakunitaja.

Maana ni mimi, Russell. Siku ya mwisho studioni, Baba alipokwenda msalani, Tamsin alinivuta pembeni akaniambia ametengeneza nakala mbili. Moja ilikuwa kama Baba alivyoagiza, na watu wangeicheka pamoja na jina lake. Nyingine ilikuwa kama masikio mazima yanavyotaka, matoazi yako mbele, safi, kila pigo mahali pake. Alisema yeye hawezi kuamua, mimi ndiye damu yake. Nikamwambia apeleke kiwandani hiyo ya pili.

Jana Baba alitaka tumpelekee Anti Mavis sanduku lake. Alivaa suti aliyovaa mazikoni. Tuliketi sebuleni na chai yetu na keki ya matunda, na wimbo wa kwanza ulipoanza, Clem aliingia mle chumbani, sijui nikuambie vipi. Alikuwa pale. Anti Mavis aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika.

Baba alimwona analia. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye zulia, mzee wa umri ule, akasema, "Nisamehe, Mavis. Nilimwahidi na nimeshindwa. Hakuna hata pigo moja linalosikika."

Anti Mavis alitoa leso usoni akamtazama, halafu akanitazama mimi. Niligusa sikio langu, nikatikisa kichwa kidogo tu. Yeye ameishi na mpiga ngoma, hakuhitaji maelezo. Alimshika Baba kichwa kwa mikono yake miwili, matoazi ya mumewe yakiendelea kulia chumba kizima, akamwambia, "Haya, Vern. Nimekusamehe. Na Clem amekusamehe."

Mkija Pasaka, Baba atakuwekea santuri hiyo akuulize kama unamsikia Clem. Litafute jibu kabla hujapanda ndege, Kaka, kwa sababu mimi sina. Nisalimie wifi, na uwabusu watoto mmoja mmoja. Baba angekusalimu, ila hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Lorraine